Imara, Thabiti na Isiyopenya Maji: Istilahi za Kukagua Meli Mpya ya Uvuvi wa Bahari Kuu

Utangulizi

Anayenunua meli ya uvuvi wa bahari kuu, awe mtu binafsi, shirika au chama cha ushirika, hukabidhiwa chombo chake mara moja tu. Siku hiyo huwekewa mbele yake hati ya mapokezi. Akiisha kuitia sahihi, meli huwa yake pamoja na kasoro zake zote ambazo hazikuandikwa. Ukaguzi wa meli mpya ni kazi ya macho, mikono na vipimo, lakini hatima yake ni kazi ya maneno. Kasoro isiyo na jina haiandikwi, na kasoro isiyoandikwa haidaiwi.

Jambo hili linatuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili kwa sababu ya wazi. Tanzania ilitunga mwaka 1989 sheria ya bahari ya nchi na ukanda wa uchumi unaofikia maili 200 za baharini kutoka pwani. Maji hayo ya mbali hayavuliki kwa ngalawa wala kwa mashua. Yanahitaji meli kubwa za chuma: za kukokota nyavu, za wavu wa kuzingira, au za mishipi mirefu. Aghalabu meli hizo huundwa ng'ambo, na hati zake huandikwa kwa lugha za ng'ambo. Watakaolala ndani yake usiku wa tufani ni mabaharia ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili.

Katika rasimu moja ya hati ya mapokezi iliyoletwa ili tuhakiki tafsiri yake, sentensi "chombo ni imara" ilitokea mara tatu, chini ya vichwa vitatu mbalimbali. Hati ya asili ilikuwa imezungumzia mambo matatu: nguvu ya mwili wa meli, uwezo wa meli kurudi wima baada ya kulala upande, na kuzuia maji yasiingie. Mfasiri alichagua neno zuri, ila alilichagua moja kwa mambo matatu. Msomaji wa rasimu ile angeambiwa mara tatu kwamba mabamba ni mazuri, asiambiwe hata mara moja kama meli itainuka ikiinama.

Makala haya yanakusudia kuyatenganisha mambo hayo matatu, kueleza namna kila moja linavyopimwa, na kupendekeza istilahi zinazofaa. Tumefuata utaratibu uliozoeleka katika kazi ya istilahi. Kwanza tumetafuta neno kwa wenye kazi yenyewe, yaani waunzi wa majahazi, mabaharia na mafundi wa karakana. Palipokuwa hapana neno, tumepanua maana ya neno lililopo. Mwisho kabisa, tumekopa.

Maneno tuliyorithi kwa waunzi wa vyombo

Yuko anayedhani kwamba meli ya chuma ni kitu kigeni mno hata maneno ya majahazi hayaifai. Dhana hiyo si sahihi. Jina la sehemu ya chombo hutokana na kazi ya sehemu hiyo, wala halitokani na kitu kilichotumiwa kuiunda. Fundi wa Nungwi au wa Matondoni akiutazama mchoro wa meli ya chuma atauona mkuku chini kabisa, ukishika urefu wote wa chombo. Atayaona mataruma, yaani mbavu zinazopanda kutoka mkukuni. Ataona omo mbele na tezi nyuma, sitaha juu, na ngama chini ambako maji machafu hujikusanya. Mkuku wa chuma ni mkuku, na taruma la chuma ni taruma. Hatuoni sababu ya kuyaacha maneno hayo na kusema "uti wa mgongo wa meli" au "fremu".

Kitendo chenyewe pia kina neno lake. Nyumba hujengwa, bali chombo huundwa. Ndipo tukapata "mwunzi" na "kiunzi". Chombo kipya hakitiwi tu majini, hushuliwa. Mahali pa kukipandisha ili kikaguliwe tumbo ni gudi, ikiwa ni pale panapoweza kukaushwa maji. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, na kuyatumia katika hati za leo ndiko kutakakoyaweka hai.

Hata hivyo, liko neno moja ambalo tunashauri lisitafsiriwe kisisi. Mahali anaposimama nahodha na mshika usukani, lugha kadhaa za Ulaya hupaita kwa neno linalomaanisha pia daraja la kuvukia mto. Baadhi ya wafasiri wameandika "daraja la meli". Lakini katika ukaguzi wa meli neno "daraja" lina kazi nyingine. Ziko asasi zinazopanga meli katika madaraja ya ubora, kama Lloyd's Register ya Uingereza na Bureau Veritas, iliyoanzishwa Antwerp mwaka 1828. Katika daftari la Lloyd's Register, alama ya msalaba wa Malta mbele ya daraja la meli huonyesha kwamba meli hiyo iliundwa chini ya usimamizi wa wakaguzi tangu mwanzo, si kwamba ilikaguliwa baada ya kumalizika. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mnunuzi, maana mengi yaliyofunikwa kwa rangi hayaonekani tena. Basi "daraja" na libaki kuwa cheo cha ubora, na mahali pa nahodha paitwe "chumba cha usukani".

Uimara: nguvu ya mwili

Tunapendekeza neno "uimara" litumiwe kwa jambo moja tu: uwezo wa mwili wa meli kustahimili mapigo ya bahari, uzito wa shehena na mikiki ya mitambo bila kuvunjika, kupasuka wala kupinda. Uimara umo katika mabamba, katika mataruma, na katika viungo vinavyoyaunganisha.

Bamba hupimwa unene. Zamani ilibidi kutoboa ili kuona. Siku hizi hutumika kipimo cha mwangwi, ambacho hupeleka sauti isiyosikika ndani ya chuma na kupima muda wake wa kurudi. Unene si jambo dogo. Mita mraba moja ya bamba la chuma lenye unene wa milimita 8 ina uzito wa kilo 62.8, na kila milimita moja inayopunguzwa hupunguza kilo 7.85. Mwunzi asiye mwaminifu akipunguza milimita moja katika maelfu ya mita mraba, amebakiza tani nyingi za chuma ghalani mwake, naye mnunuzi hataona chochote kwa macho. Kwa hiyo hati isiseme "mabamba ni mazito ya kutosha", bali itaje unene uliokubaliwa katika mchoro na unene uliopimwa mahali fulani.

Kuhusu kiungo, hapana budi tutofautishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku. "Kulehemu" ni kuunganisha madini kwa kuyeyusha madini mengine laini, kama fundi wa bati anavyofanya kwa risasi na tini. Kingo zenyewe haziyeyuki. "Kuchomelea" ni kuyeyusha kingo za vyuma viwili pamoja na chuma cha kujazia, vikapoa vikawa kitu kimoja. Kamusi nyingi hutumia "lehemu" kwa yote mawili, lakini mafundi wa karakana wamekwisha kuyatenga, nasi tunawafuata. Meli huchomelewa, hailehemiwi.

Mstari unaobaki baada ya kuchomelea tunapendekeza uitwe "mshono". Neno hili si geni katika uundaji wa vyombo. Mtepe wa Lamu ulikuwa ukishonwa mbao zake kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Mabamba ya chuma nayo yameshonwa, ila kwa moto. Mshono mzuri una upana ulio sawa, umeshika kingo zote mbili, na haukuvimba wala kubonyea. Kasoro zake zina majina mepesi. Vitundu ni mashimo madogo yaliyoachwa na hewa iliyonaswa. Ulaji wa kingo ni mfuo uliochimbika kando ya mshono, ambapo moto umelila bamba lenyewe. Kutoshikana ni hali ya mshono kulala juu ya chuma bila kuungana nacho. Ufa ndio mbaya kuliko zote, kwa maana huendelea kukua. Vitundu na ulaji wa kingo huweza kuonekana kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Kutoshikana hujificha ndani, na hutambuliwa kwa kipimo cha mwangwi au kwa eksirei.

Jambo jingine katika uimara ni ulinzi dhidi ya kutu. Chuma na shaba nyeusi ya rafadha vikiwa pamoja katika maji ya chumvi, chuma huliwa. Ili kukinusuru, hufungwa vipande vya zinki kwenye mwili wa meli, navyo huliwa badala yake. Mafundi huviita "zinki" tu. Tunapendekeza "zinki ya kafara", kwa sababu neno kafara linaeleza kazi yake barabara: kitu kinachotolewa ili kingine kisalimike. Mkaguzi ahesabu vipande hivyo gudini, na ahakikishe kwamba havikupakwa rangi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi.

Uthabiti: kurudi wima

Neno la pili ni "uthabiti". Tunapendekeza lishike maana ya uwezo wa meli kurudi wima baada ya kuinamishwa na upepo, wimbi au wavu mzito. Meli yaweza kuwa imara kama mwamba na isiwe thabiti. Ikapinduka nzima nzima, bila bamba hata moja kupasuka.

Mabaharia wetu wanalijua jambo hili kwa neno "mrama", yaani kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Neno hilo limeingia hata katika mazungumzo ya nchi kavu: mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama. Lakini baharini mrama wenyewe si kasoro, kwa kuwa kila chombo huenda mrama. Kinachotazamwa ni aina ya mrama. Chombo chenye uthabiti mwingi hurudi kwa haraka na kwa kishindo, kikawachosha mabaharia. Chombo chenye uthabiti haba huinama polepole, kikakawia huko kilikoinamia kabla ya kurudi. Tunapendekeza wa kwanza uitwe "mrama wa mkato" na wa pili "mrama wa kukawia". Mnunuzi asiyejua tofauti hii huweza kuusifu mrama wa kukawia kwa kuwa ni wa upole, kumbe ndio wenye hatari.

Uthabiti haukisiwi kwa macho, hupimwa kwa jaribio la kuinamisha. Meli hufungwa kwa kamba zilizolegezwa, mahali penye maji matulivu na pasipo upepo. Matangi yake huwa matupu kabisa au yamejaa kabisa, na watu wasiohusika huteremshwa. Ndani yake hutundikwa timazi ndefu, ile ile ya mwashi, na ncha yake hutumbukizwa katika karai la mafuta isichezecheze. Kisha uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda upande mwingine, na umbali ambao timazi imehama huandikwa.

Tutoe mfano. Meli ina uzito wa tani 600. Tani 2 zimesogezwa mita 6. Timazi ina urefu wa mita 3, nayo imehama sentimita 12. Hesabu yake itatoa nusu mita. Lau timazi ingehama sentimita 24, jibu lingekuwa robo mita. Kadiri timazi inavyokwenda mbali, ndivyo uthabiti unavyokuwa mdogo.

Hiyo nusu mita ni kipimo cha nini? Ni umbali kutoka kitovu cha uzito wa meli hadi nukta fulani iliyo juu yake. Nukta hiyo hupatikana meli inapoinama kidogo: mstari wa nguvu ya maji inayoisukuma meli juu hukata mstari wa kati wa meli mahali hapo. Tulijaribu kulitafutia jambo hili neno la Kiswahili. Kila neno tulilolifikiria lilikuwa refu kupita kiasi au lilipotosha. Hapa tumeona afadhali kukopa: nukta hiyo iitwe "metasenta", na umbali huo "kimo cha metasenta". Neno la kukopa linafaa pale ambapo mwenye kulitumia ni lazima ajifunze hesabu yake kwanza. Neno la nyumbani lisilofafanua lolote halimsaidii.

Bali kwa nguvu inayoirudisha meli wima, lugha yetu inatosha. Tunapendekeza "mkono wa kusimamisha", yaani umbali wa mlalo kati ya nguvu ya uzito inayovuta chini na nguvu ya maji inayosukuma juu, meli inapokuwa imeinama. Mkono huo ukiwapo, meli husimama tena. Ukitoweka, meli hupinduka. Vipimo vya kimataifa vya meli za uvuvi zenye urefu wa mita 24 au zaidi vilipangwa katika mkataba wa Torremolinos wa 1977, vikaendelezwa katika itifaki ya 1993 na makubaliano ya Cape Town ya 2012. Vipimo hivyo vinataka meli ya sitaha moja iwe na kimo cha metasenta kisichopungua milimita 350. Vinataka pia mkono wa kusimamisha ufikie angalau milimita 200 meli ikiwa imeinama nyuzi 30 au zaidi. Katika mfano wetu, meli ya sentimita 12 imefaulu kwa kipimo cha kimo, na ile ya sentimita 24 imeshindwa. Mkaguzi anayeandika "imara" kwa zote mbili hakusema uongo, ila hakusema kitu.

Yafaa kuongeza kwamba jibu la jaribio ni la meli katika hali ile iliyojaribiwa. Meli ya uvuvi hubadilika kila siku: mafuta yaliyo chini hupungua, samaki huongezeka, nyavu zilizolowa hukaa juu ya sitaha. Kwa hiyo mnunuzi adai kitabu cha uthabiti kinachoonyesha hali zote hizo, nacho kiwe katika lugha anayoisoma nahodha.

Isiyopenya maji: milango, vifuniko na matundu

Jambo la tatu ni kuzuia maji. Hapa nako kuna mambo mawili ambayo lugha yetu imezoea kuyaita kwa jina moja. Kuna kitu kinachozuia maji yasipite kutoka upande wowote, hata kikizamishwa na kusukumwa kwa kani. Kuna pia kitu kinachozuia mvua na mawimbi yasiingie kutoka nje, lakini hakikuundwa kustahimili uzito wa maji yaliyojaa. Tunapendekeza cha kwanza kiitwe "kizuia-maji" na cha pili "kizuia-mawimbi". Kiambaza kinachotenga chumba cha mtambo na ghala la samaki hakina budi kiwe kizuia-maji. Kifuniko cha mlango wa ghala kilicho juu ya sitaha huweza kuwa kizuia-mawimbi. Kuwekwa kizuia-mawimbi mahali pa kizuia-maji ni kasoro kubwa, ijapokuwa kwa macho vyote viwili ni milango ya chuma yenye mpira pembeni.

Majaribio yake ni mepesi. Ukingo wa fremu hupakwa chaki, mlango ukafungwa na kufunguliwa. Chaki ikiacha alama kamili juu ya mpira, mlango umeshika, na panapokosa alama ndipo maji yatakapopita. Kisha mlango hufungwa na kupigwa maji kwa mpira wenye nguvu huku mtu akitazama ndani. Matangi hujazwa hewa, na mishono yake hupakwa povu la sabuni. Penye mapovu pana tundu. Mkaguzi asisahau matundu ambamo nyaya na mabomba hupita katika viambaza. Kiambaza kilichoundwa vizuri kikatobolewa na fundi wa umeme bila kuzibwa si kizuia-maji tena.

Mabaharia wa vyombo vyetu wanalo neno "nguruzi", kizibo cha tundu la kutolea maji. Kila mmoja wao anajua kwamba tundu linalotoa maji laweza pia kuyaingiza. Katika meli kubwa za uvuvi yako matundu ubavuni ya kutupia takataka za samaki waliopasuliwa, nayo huwekewa kifuniko ndani na kilango cha nje kinachofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani tu. Tunapendekeza kilango hicho kiitwe "kilango cha njia moja".

Umuhimu wa kilango hicho wauonyesha mkasa wa meli Gaul ya Uingereza. Ilikuwa meli ya kukokota nyavu yenye urefu wa mita 66 hivi, iliyoundwa Lowestoft mwaka 1972, kubwa na ya kisasa kwa wakati wake. Mwezi Februari 1974, kaskazini ya Norwe, ilitoweka katika tufani pamoja na watu wote 36 waliokuwamo. Uchunguzi wa mwaka ule ulihitimisha kwamba mawimbi makubwa mfululizo yaliilemea. Mabaki yake yalipatikana chini ya bahari mwaka 1997, na uchunguzi ukafunguliwa upya. Ripoti iliyotolewa mwaka 2004 ilihitimisha kwamba vifuniko na vilango vya matundu mawili ya kutupia takataka vilikuwa wazi, maji yakaingia katika sitaha ya kuchakatia samaki, na meli ikapoteza uthabiti wake.

Kwa nini maji ndani ya chumba kimoja yaizamishe meli kubwa kama ile? Hesabu ndogo itatuonyesha. Sitaha ya ndani yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ikiingiwa na maji ya kina cha sentimita 10, hayo ni mita za ujazo 16, uzito unaopita tani 16. Na uzito huo haukai mahali pake. Meli ikiinama kushoto, maji yote hukimbilia kushoto, yakazidi kuilaza. Maji hayo tunapendekeza yaitwe "maji yatembeayo". Katika mkasa huu mambo mawili tuliyoyatenga yamekutana: kilango kilichoshindwa kuzuia maji kimeuua uthabiti. Hiyo ndiyo sababu kila moja linahitaji jina lake. Asiyeweza kutaja ni lipi lililoanza, hawezi kulizuia lisianze.

Kasoro, hitilafu na uchakavu

Meli ikiisha kupita gudini, huenda katika majaribio ya baharini. Hukimbizwa kwa mwendo wake wote katika umbali uliopimwa, kwenda na kurudi, ili nguvu ya mkondo isiingie katika hesabu. Huzungushwa duara kamili kulia na kushoto, husimamishwa ghafla kwa kurudisha rafadha nyuma, na nanga zake huteremshwa na kung'olewa. Ghala la samaki hugandishwa mpaka baridi iliyokubaliwa: nyuzi 18 chini ya sifuri kwa samaki wa kawaida, na hata nyuzi 60 chini ya sifuri kwa jodari anayeliwa mbichi.

Yanayoonekana katika majaribio huandikwa, na hapo ndipo maneno matatu yanapochanganywa kwa hasara ya mnunuzi. "Kasoro" iwe upungufu uliotokana na uundaji wenyewe: mshono usioshika, bamba jembamba, mlango usiokaa. "Hitilafu" iwe kushindwa kwa mtambo au kifaa kufanya kazi yake, kwa sababu yoyote ile. "Uchakavu" uwe kuisha kwa kitu kwa kutumika. Dhamana ya mwunzi aghalabu hulipia kasoro, wala hailipii uchakavu. Bomba la maji ya kupozea likitoboka katika mwezi wa nane, anayeandika "bomba limechakaa" amemwondolea mwunzi deni kwa neno moja. Anayeandika "hitilafu ya bomba, kasoro ya mshono yashukiwa" ameuacha mlango wa madai wazi mpaka uchunguzi ufanyike.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Daraja: cheo cha ubora ambacho meli hupewa na asasi ya ukaguzi.
Hitilafu: kushindwa kwa mtambo au kifaa kufanya kazi yake.
Jaribio la kuinamisha: upimaji wa uthabiti kwa kusogeza uzito na kutazama timazi.
Kasoro: upungufu uliotokana na uundaji.
Kiambaza: ukuta wa ndani unaotenga vyumba vya meli.
Kilango cha njia moja: kilango kinachotoa kitu nje bila kuruhusu maji kuingia.
Kimo cha metasenta: umbali kati ya kitovu cha uzito na metasenta.
Kizuia-maji: kisichopitisha maji kutoka upande wowote, hata kikizama.
Kizuia-mawimbi: kisichopitisha mvua na mawimbi kutoka nje.
Kuchomelea: kuunganisha vyuma kwa kuyeyusha kingo zake.
Maji yatembeayo: maji yaliyo huru ndani ya meli, yanayokimbilia upande ulioinama.
Mkono wa kusimamisha: umbali kati ya nguvu ya uzito na nguvu ya maji, meli ikiwa imeinama.
Mrama wa kukawia: kuyumba polepole kwa chombo chenye uthabiti haba.
Mrama wa mkato: kuyumba kwa haraka kwa chombo chenye uthabiti mwingi.
Mshono: mstari wa kuchomelea unaounganisha mabamba.
Uchakavu: kuisha kwa kitu kwa kutumika.
Uimara: nguvu ya mwili wa meli.
Ulaji wa kingo: mfuo uliochimbika kando ya mshono.
Uthabiti: uwezo wa meli kurudi wima.
Zinki ya kafara: kipande cha zinki kinacholiwa na kutu badala ya chuma cha meli.

Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo, nazo hazijasanifiwa. Tunazitoa mbele ya wasomaji kabla ya kupelekwa katika vikao, kwa kuwa tunaamini wako manahodha, waunzi, wachomeleaji na wavuvi wenye maneno bora kuliko haya, ambayo hayajapata kuandikwa. Hasa tungependa kupata majina yanayotumika Pemba, Mafia, Kilwa, Tanga, Mombasa na Lamu kwa aina za mrama na kwa matundu ya kutolea maji sitahani, kwa sababu huko twadhani yapo maneno mengi kuliko tuliyoyaona katika kamusi.

Wakati maoni hayo yakisubiriwa, tunawaomba wafasiri wa hati za mapokezi wazingatie jambo moja. Kila watakapotaka kuandika kwamba meli "ni imara", wajiulize kwanza: mwili wake hauvunjiki, au hurudi wima, au haiingizi maji? Jibu likiwa yote matatu, basi na waandike yote matatu, kila moja kwa jina lake na kwa kipimo chake, ndipo kalamu ya kutia sahihi itolewe.